Upande B ni wa Wasikilizaji

"Upuuzi mtupu! Mtunzi gani huyu asiye na huruma?"

Aliyefoka hivyo alikuwa kijana mrefu mwenye kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono na shati la mistari lililopigwa pasi vizuri, na alifokea kibandani kwa Bashizi, fundi redio, katikati ya soko la Gitega, Burundi, siku ya gulio. Bashizi, Mkongo wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao akaangukia vya wenzake, alikuwa amefungulia kaseti kwa sauti kubwa. Wauza ndizi wa Bugendana walisimama na mizigo vichwani. Wanawake wa Giheta waliacha kupima maharage. Kaseti ilikuwa imefika pale Nuruaini, binti wa Ngome ya Chumvi, amesimama ukingoni mwa mto na ndege wake asemaye anafungua mdomo ili amtolee siri. Ghafla, krrr, Upande A ukaisha.

Karibu yake, dada mmoja aligeuka. Alivaa kitenge cha buluu kilichoshonwa kikamkaa, mtandio wa manjano, na sindano mbili zimechomekwa begani kama desturi ya mafundi cherehani.

"We unamutukana nani?" akauliza.

"Aliyetunga hii."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kuniacha mtoni! Mimi naondoka sasa hivi kurudi Muyinga. Nitalala vipi bila kujua ndege kasema nini?"

"Basi usilale."

Bashizi alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. "Ndugu yangu, njo yeye huyu! Uko namutukana mbele ya macho!"

Kijana akavua kofia, akaivaa tena. "Dada, samahani. Lakini hasira hii umeitia wewe mwenyewe. Ungetunga vibaya, nisingekasirika."

Shakila, maana ndilo jina lake, alikuwa amesifiwa mengi, lakini hajawahi kusifiwa kwa matusi. Akajikuta anatabasamu, na kutabasamu kwenyewe kukamuudhi.

Tuseme mambo yalivyokuwa. Mchezo wa Nuruaini ulikuwa wa redio, na watu waliupenda kama ndugu yao. Vita vikaukata katikati. Wiki hii Nuruaini anaazimia kumwinda Mfalme Asiye na Kivuli, wiki inayofuata hakuna kitu, ni mluzi wa mitambo tu. Vita vile vilikula watu, vikala na ng'ombe, na bado havikushiba mpaka vikala na hadithi. Wengine walinung'unika wakaacha. Shakila binti Chabani, wa mtaa wa Shatanya, hakuacha. Alichukua redio kaseti ya nyumbani, akajifungia na cherehani yake, akaendeleza mchezo alivyoona ungepaswa kwenda. Kila kaseti ilianza hivi: "Mimi ni Shakila binti Chabani wa Shatanya, Gitega, mtunzi. Sogeeni."

Kaseti zikaenda mkono kwa mkono, na desturi ikazaliwa. Upande A ni wa hadithi. Upande B ni wa wasikilizaji. Ukimaliza kusikiliza, unabonyeza kitufe, unatoa salamu, unasema sehemu iliyokugusa, unampisha mwenzako. Aliyefuta Upande B alinuniwa na mtaa mzima, na alistahili.

"Mimi naitwa Ilyasi," akasema yule kijana. "Nina duka la kaseti Muyinga, na mashine ya kunakili. Nipe hii. Nitakurudishia Upande B uliojaa."

"Kiswahili chako cha wapi hicho? Unaongea kama taarifa ya habari."

"Nimekulia Ngara, Tanzania."

"Njo maana. Chukua. Ila ukiipoteza, mi nitakufuata mpaka huko huko Muyinga."

Hakujua kwamba anatabiri.

*

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mitamu. Kaseti zilipita Karuzi kwa mikono ya madereva, zikarudi na sauti za watu ambao Shakila hajapata kuwaona. "Salamu kutoka Muyinga. Mi ni Scholastique, niko nauza dagaa. Pale ndege alikataa kula kwa mkono ya mfalme, nililia, mume wangu akaniuliza nani kafa." "Salamu. Mi ni mzee Waziri. Mwanangu, we uliona wapi njaa ya kambini ukaiweka katika ngome? Ni yenyewe. Mungu akupe maisha." Shakila alizisikiliza huku anashona, na mara nyingi mshono ulienda upande.

Sauti moja tu haikuwamo.

"We mbona husemi kwenye Upande B?" alimuuliza Ilyasi kwa simu. Alikuwa ndani ya kabini ya simu karibu na soko, watu wamejipanga nyuma yake wakijifanya hawasikii.

"Mimi nakwambia hapa, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Simu ya kulipia, na we unapoteza dakika kwa uongo."

"Basi nikate?"

"Ukithubutu!"

Foleni yote ikacheka. Shakila akatoka na mtandio umefunika nusu ya uso, na waliomjua walijua huo si ucha Mungu bali ni aibu ya furaha.

Kisha ikaja ile kaseti.

Bashizi aliiweka mashineni mbele yake, akiwa na hamu kama mtoto siku ya Idi. Upande A ulianza moja kwa moja na mto na mwezi. Ile "Mimi ni Shakila" haikuwapo. Shakila akakunja uso. Bashizi akageuza upande.

"Salamu kwako, kaka Ilyasi mtunzi. Akili hiyo ulipewa wapi?" "Ilyasi wetu, Mungu akubariki kwa hadithi yako." Na Scholastique, yule yule wa dagaa: "Ilyasi, kumbe njo we! Na umushukuru yule binti anakusomea, ana sauti nzuri."

Anakusomea! Bashizi alizima mashine polepole, akaangalia chini. Shakila alikwenda kabini, akawapita watu wote wa foleni, na hakuna aliyemzuia kwa jinsi uso ulivyokuwa.

"Ilyasi. Hadithi ni ya nani?"

"Shakila, sikiliza..."

"Mi nimesikiliza! Nimesikiliza Upande B yote! Hadithi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Jina langu liko wapi?"

"Siwezi kusema kwenye simu."

"Huwezi kusema juu ya aibu! Mwizi wa nguo anaiba nguo, we umeniiba mi mwenyewe, halafu unanifanya msomaji wako! Msomaji!"

"Nipe nafasi nije Gitega, nikueleze..."

"Usije. Nakuja mi."

Akaitupa simu kwenye kitako chake kwa kishindo. Wenye foleni walimpisha.

*

Baba yake alimkataza. Kwenye njia ya Karuzi gari lilikuwa limechomwa juzi tu. Shakila akasema gari lililochomwa halikumwibia mtu jina, akafunga kitenge, akaenda. Ujinga, ndiyo. Lakini wenye bunduki waliokuwa wanatuambia tukae nyumbani tutulie ndio wale wale walioziteketeza nyumba zenyewe, kwa hiyo ushauri wao ulikuwa umepungua thamani.

Duka la Ilyasi lilikuwa mtaa wa Waswahili, jirani na wauza vitenge vya kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Alilikuta limejaa. Watu wamekaa kwenye makreti ya soda, sauti yake mwenyewe inatoka kwenye spika mbili kubwa, na Ilyasi amekaa nyuma ya meza, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Shakila hakupiga hodi. Alisimama mlangoni, akaanza kusema pamoja na kaseti, neno kwa neno, kisha akaipita, akasema maneno ambayo hayajarekodiwa bado. Watu wakageuka mmoja mmoja. Mama mmoja mnene mwenye harufu ya dagaa akapiga makofi.

"Yoo! Kumbe we njo unamusomea Ilyasi!"

"Mi simusomei mtu!" Shakila akapasuka. "Mi ni Shakila binti Chabani! Mto ni wangu, ndege ni wangu, njaa ile Mzee Waziri aliilia ni njaa ya shangazi yangu! Muulizeni huyu, ndege alisema nini! Muulizeni!"

Wote wakamwangalia Ilyasi. Alikuwa amesimama, amekonda, shati lile la mistari halina pasi.

"Sema upande huu," akasema kwa sauti ndogo, akimgeuzia sikio la kulia. "Huku kwingine sisikii."

"Usinichezee!"

"Hakuchezei!" Aliyepiga kelele alikuwa Layla, dada yake Ilyasi, akitokea uani na mikono yenye unga. "We dada, unamufokea mtu aliumia juu yako! Kwenye bariyeri ya barabarani wanajeshi walipiga kaseti yako. Wakasikia 'jeshi litavuka mto alfajiri'. Wakasema huu ni ujumbe wa waasi! Wakasikia na jina lako, Shakila wa Shatanya. Wakauliza huyu ni nani, tumufuate. Kaka akasema huyo ni msomaji tu, maneno yote ni yangu. Walimufungia ndani ya kasho, wakamupiga mpaka sikio likatoka damu. Na kaseti hawakurudisha. Wako nayo huko, wanaisikiliza!"

Mtu mmoja alizima spika. Hasira haikumtoka Shakila. Iliongezeka, ikawa haijui pa kwenda. Wanajeshi waliomtoboa mtu sikio, halafu wakakaa chini kufurahia hadithi ile ile! Na huyu mjinga mrefu mbele yake!

"Nani alikutuma?" akamwambia, machozi yanamtoka. "Mi nilikwambia unisemee?"

"Bunduki ilikuwa shingoni, Shakila. Ningekuuliza vipi?"

"Siku ile, sawa. Siku ile, Mungu akulipe, mi sitaisahau mpaka nakufa. Na hizi siku zingine? Hawa watu?" Akawaonyesha waliokaa. "Hawa ni wanajeshi?"

Ilyasi alifungua mdomo. Angeweza kusema aliogopa maneno yangewafikia wanajeshi wa barabarani. Ingekuwa nusu ya kweli, na wanaume wengi wamejengea nyumba juu ya nusu kama hiyo.

"Mwanzo niliogopa," akasema. "Halafu nilipenda. Napita njiani, mtu ananiita mtunzi. Scholastique ananiwekea dagaa bure. Nilizipenda sifa zako, Shakila. Ndiyo maana sikukueleza."

Layla akafunika mdomo kwa mikono yake ya unga.

"Sikio ulinipa," Shakila akasema. "Nakushukuru. Jina ulichukua. Hivyo vitu havifutani. Na wakiuliza tena pale bariyeri, waambie mtunzi yuko Shatanya, mlango wa kijani, cherehani iko barazani. Waje. Nimechoka kuogopa watu ambao hawajui kutofautisha hadithi na vita."

Akarudi Gitega. Njia nzima hakulia. Alipofika ndipo alipolia, akamlilia Ilyasi na akamlaani, na hakujua kipi kilikuwa kingi zaidi.

*

Majuma yakapita. Shakila hakurekodi. Wateja walileta vitambaa, wakauliza habari za Nuruaini, wakajibiwa kwa sindano mdomoni. Mamake alisema moyo si kitambaa, huwezi kuufumua ukaushona upya. Shakila akajibu kwamba mama hajui kushona.

Siku moja ya gulio Bashizi alimwita kwa kupunga mikono yote miwili. Kaseti imefika. Shakila akasema aitupe. Bashizi, ambaye tangu lini akasikia la mtu, akaisukuma mashineni, akaongeza sauti.

Upande A ulikuwa mtupu. Unavuma tu.

Upande B ulianza na Scholastique, amekasirika. "Salamu, Shakila mtunzi. Mi nimemunyima Ilyasi dagaa. Alipita nyumba kwa nyumba akatuambia ukweli, akasema tumutukane kama tunataka. Nimemutukana! Sasa nakuambia: pale ndege alikataa mkono ya mfalme, ni we uliniliza. Ni we." Mzee Waziri akafuata. "Shakila mwanangu, umpe shangazi yako salamu, yule wa njaa." Kisha wengine, sauti juu ya sauti, na kila mmoja alianza kwa jina lake, Shakila, Shakila binti Chabani, mpaka wauza ndizi pale kibandani wakaanza kulitaja nao.

Mwisho ikaja sauti ya taarifa ya habari, haina taarifa tena, inatetemeka.

"Salamu. Mimi ni Ilyasi wa Muyinga, ninayenakili kaseti. Sijawahi kusema Upande B. Sehemu niliyoipenda ni ile ya kwanza kabisa, ile niliyoifuta. 'Mimi ni Shakila.' Nimeirudisha kwenye kila kaseti niliyokuwa nayo, na nyingine nilizifuata majumbani. Watu wamesusa duka langu, na wana haki. Upande A nimeuacha wazi, ni wako. Ukitaka kunitukana, tukana, nafasi ipo ya kutosha. Ukitaka kuendelea na hadithi, endelea. Na ukitaka... Shakila, nataka kukuoa. Nampisha mwenzangu."

Hakukuwa na mwenzake wa kufuata. Soko zima la Gitega, au angalau upande ule, lilikuwa likimtazama fundi cherehani mwenye mtandio wa manjano.

"Bashizi," akasema Shakila, "mi nitakuua."

"Basi, uniue kesho," Bashizi akajibu akipangusa macho na kitambaa cha kufutia redio. "Leo nenda kabini."

Alikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, ikafunguka yenyewe. Simu ikalia huko Muyinga, ikapokelewa haraka mno.

"Haloo? Haloo, Shakila?"

"Simu umeweka sikio gani?"

"La... la kushoto. Nimeishika vibaya. Subiri."

"Weka la kulia. Mi sitarudia."

Alisikia mkwaruzo, na pumzi ya mtu aliyengoja.

"Tayari," akasema Ilyasi.

Shakila akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kama anayebonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mimi ni Shakila binti Chabani wa Shatanya, Gitega, mtunzi," akasema. "Nimekubali. Leta wazee wako. Na bado nimekasirika."