Jitu la Darajani

Ndugu zangu wenye wazee nyumbani, nisikilizeni, maana haya yametokea ukuta wa pili na kwangu.

Jirani yangu kinyozi alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Baba yake, dereva mstaafu wa lori, alipatwa na kiharusi kikamlegeza upande wa kushoto. Kila jioni kinyozi alifunga saluni mapema, akamshika mzee kiunoni, wakatembea ukumbini huku na huku.

"Kanyaga breki, baba, kona hiyo!" alimtania.

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa ameshaanza kwenda kwa mkongojo.

Kisha mteja mmoja akamwekea gemu kwenye simu. Shujaa mwenye upanga anapita misitu ya wachawi kwenda kumkomboa mfalme. Mwanzoni ilikuwa mteremko: mbwa mwitu walikufa kwa kuguswa tu, kinyozi akajiona bingwa. Ghafla, darajani, likatokea jitu lenye pembe. Pigo moja, shujaa chali. Akarudia. Chali tena.

"Aliyetengeneza gemu hii ana roho mbaya," alinilalamikia. "Kote laini, hapa chuma! Lakini leo lilibakiwa na damu kiduchu tu, mama."

Hiyo "kiduchu tu" ndiyo iliyommaliza. Pambano la jitu halisimamishwi. Ukiweka simu chini, unaanza upya. Mazoezi ya mzee yakawa ya kesho, na kesho yenyewe haikufika.

Jioni moja nilimsikia mzee akiita, "Mwanangu, nipeleke msalani."

"Subiri kidogo, baba, linakufa hili!"

"Nimebanwa, mwanangu."

"Dakika moja tu!"

Halafu kishindo.

Nilipoingia, mzee alikuwa sakafuni mlangoni pa choo, amelowa, nyonga imevunjika. Kinyozi amesimama, simu mkononi. Jitu lilikuwa limekufa, muziki wa ushindi unapiga, naye hajui pa kuuzimia.

Daktari alisema mzee hatatembea tena. Kinyozi ameifuta gemu. Anashinda kando ya kitanda, analia, anaomba radhi. Mzee humjibu kwa upole, "Yameisha, mwanangu." Lakini akitaka maji, hamwiti. Hugonga ukuta kwa mkono wake mzima, ananiita mimi. Nikiingia, namkuta kinyozi amekaa palepale, kikombe kimejaa mkononi.

FUNZO

Wenzangu, michezo hii imeundwa hivyo makusudi: wepesi wa kukuvuta, kisha ugumu wa kukufunga. Sisemi msicheze. Nasema jitu litakungoja darajani hata mwaka mzima, na shujaa wako akifa atafufuka. Anayekuita kutoka chumba cha pili hana uhai wa akiba. Akiita, inuka, hata kama jitu limebakiwa na damu kiduchu. Maana siku akiacha kukuita, hutapata pa kuanzia upya.