Alimkana Kwenye Miamba ya Nyero

"Karibuni, ingieni taratibu, viti vipo vya kutosha," Nangila alikuwa akisema mlangoni mwa kosta, pale Busia karibu na mpaka, wakati Ilukor alipopanda akiwa amemshika mkono mwanamke mwingine.

Alibaki ameshika mlango.

Jana yake jioni Ilukor alimpigia simu akasema yuko Eldoret, kazi ya klaringi, ya kutoa mizigo forodhani, imempeleka huko wiki nzima. Wakaongea vizuri. Akamwambia, "Lala salama, mke wangu." Na sasa huyu hapa, shati jeupe limepigwa pasi, anapanda gari la watalii na msichana mrefu mwenye gauni la kitenge, wanacheka.

Ilukor alipoinua uso na kumwona, kicheko kilikatika.

"Habari ya asubuhi, madam," alisema, kama anayemsalimia mtu wa dukani.

"Nzuri," Nangila alijibu. "Karibu."

Miaka mitatu walikuwa pamoja. Nangila ni Msamia wa Masinya, upande wa Uganda, lakini alipanga chumba Tororo kwa ajili ya kazi yake ya kutembeza wageni. Ilukor ni Mteso wa upande wa Kenya. Kila wiki alivuka mpaka kuja kwake, akala, akalala, akaacha nguo za kufuliwa. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa aende Masinya na wazee wake kujitambulisha. Mzee Mangeni, baba yake Nangila, alikuwa ameshaanza kupaka nyumba rangi.

Siku hiyo haikuwa zamu yake Nangila, na Ilukor alilijua hilo. Mwenzake Winfred aliamka na malaria, bosi akampigia simu alfajiri: "Kuna vijana wa kanisa kutoka Kenya wanataka kwenda kuona michoro ya kale ya Nyero. Niokoe, tafadhali."

Akaenda kumwokoa bosi.

Wa mwisho kupanda alikuwa Prossy, dada yake Ilukor. Huyu alipolazwa hospitali Tororo mwaka jana, Nangila ndiye aliyempikia uji na kumwogesha. Prossy alikuwa akimwita wifi mpaka majirani wakadhani ndilo jina lake.

Prossy alimwona, akainamisha kichwa, akapita. "Asante, madam," alisema.

Dereva Owori alimtazama Nangila kwenye kioo. "Dada, iko shida?"

"Hakuna. Twende."

Gari lilipoingia barabara ya Tororo simu yake ilitetemeka.

*Nangila tafadhali. Usiharibu. Ntakueleza kila kitu jioni.*

Aliisoma, akajibu: *Umefika Eldoret salama?*

Nyuma kule Ilukor akaizima simu, akaiwasha tena.

Walipopita chini ya mwamba wa Tororo, wageni wakipiga picha madirishani, yule msichana wa kitenge alikuja akakaa kiti cha mbele, karibu na Nangila.

"Dada, naweza kukaa hapa? Nataka kusikia kila kitu. Naitwa Akiror."

"Karibu, Akiror. Mimi Nangila."

"Unajua, babu yangu alizaliwa huko Kumi, karibu na Nyero. Sisi Wateso wa Kenya tunasikia tu habari za kwetu. Ndio nikamwambia baby wangu, kabla ya harusi lazima tukaone."

"Harusi lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili!" Akiror alionyesha pete. "Baba yangu ni mchungaji, yeye mwenyewe ndiye atatufungisha. Na wewe, umeolewa?"

Nangila alitazama barabara.

"Bado. Na mimi niliambiwa mwezi wa kumi na mbili."

"Ai, kumbe tunafuatana! Basi utanialika nami nitakualika."

Alikuwa msichana mwema. Hilo ndilo lililomchoma Nangila zaidi. Angekuwa na maringo, angekuwa na mdomo mchafu, ingekuwa rahisi kumchukia.

Mbale walisimama kunywa chai. Nangila alikuwa ananawa mikono nyuma ya hoteli Prossy alipomfuata.

"Wifi, tafadhali bana. Usimfanyie hivi Ilukor leo."

"Nani wifi? Asubuhi uliniita madam."

"Ningefanya nini? Watu walikuwa wanaangalia."

"Ulijua tangu lini?"

Prossy alianza kunawa mikono.

"Nimekuuliza, Prossy. Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mama alisema anataka mwali wa Kiteso nyumbani. Hana ubaya na wewe, wifi. Ni mila tu."

"Mwaka jana ulipokuwa kitandani nakuogesha, ulikuwa unajua?"

Prossy alikausha mikono yake kwenye sketi, akarudi ndani.

Kabla hawajapanda gari, Ilukor naye alimnasa kando ya ukuta. Aliongea haraka, akichungulia mlangoni.

"Nangila, nisikilize. Wewe ndiye nakupenda, unajua. Akiror ni wa kumridhisha mama. Yeye atakaa Kenya, wewe utabaki Tororo kama kawaida. Nitakuja kila wiki kama siku zote. Mpaka upo, nani atajua?"

"Na baba yangu? Nimwambie wageni wake ni akina nani?"

"Mwambie tumesogeza mbele."

"Mpaka lini?"

"Nangila, usiwe mgumu. Fanya kazi yako leo, jioni tutaongea."

Akafanya kazi yake. Nyero walipofika jua lilikuwa kali, na mawe makubwa yamelaliana juu ya kilima kama magunia. Aliwapitisha kwenye njia nyembamba, akawaonyesha pa kukanyaga, akawashika mkono waliokuwa na viatu vya kuteleza. Ilukor peke yake alipita bila kushikwa.

Chini ya mwamba mkubwa, michoro ile ilikuwepo: duara ndani ya duara, nyekundu, nyingine zimefifia mpaka uzikazie macho.

"Zimechorwa na mababu zetu?" mmoja aliuliza.

"Watu wengi wanasema hapana," Nangila alijibu. "Inasemekana Wateso walipofika hapa walizikuta tayari. Waliochora ni watu wa zamani zaidi. Hakuna anayejua kwa hakika walimaanisha nini. Lakini watu wa vizazi vya baadaye walikuwa wakija hapa kuomba. Mvua ikikataa, mtu akiumwa, mwanamke akikosa mtoto."

"Na wapenzi je?" Akiror aliuliza, na kikundi kikacheka.

"Sijui. Labda na wao."

"Basi tuombe!" Akiror alimvuta Ilukor mpaka mbele ya mwamba. "Dada Nangila, wewe ndiye mwenyeji wetu leo. Hebu tutamkie neno moja la baraka."

"Abariki! Abariki!" vijana wakapiga makofi. Simu zikainuliwa kurekodi.

Ilukor alitazama viatu vyake. Prossy akasema kwa sauti ya juu, "Jamani tuendelee, madam amechoka na jua."

"Neno moja tu," Akiror alisema, amefumba macho, anatabasamu.

Nangila alifungua mdomo. Alijaribu kweli. Alitafuta neno lolote ambalo mtu anaweza kulisema, lile la kwenye kadi, lile la makanisani, halikuja.

"Akiror, nisamehe. Siwezi kukubariki na Ilukor."

Makofi yakakoma. Akiror akafumbua macho.

"Umejuaje jina lake?"

Nangila alirudi hatua moja nyuma.

"Tangu asubuhi mimi namwita baby. Prossy anamwita brother. Wewe umejuaje anaitwa Ilukor?"

"Muulize mwenyewe."

"Baby, unamjua huyu dada?"

Ilukor aliinua uso. Nangila alimtazama, na mpaka sekunde ile, mambo yote yakiwa wazi, bado kulikuwa na sehemu ya moyo wake iliyongoja.

"Simjui," Ilukor alisema. "Labda amesikia mtu akiniita. Hawa watu wa border wanatafuta tu kitu kidogo."

"Ilukor," Nangila alisema polepole. "Rudia."

"Mimi sikujui, madam. Tusiharibiane siku."

Nangila akageuka. "Prossy. Na wewe hunijui?"

Prossy alimtazama kaka yake, kisha akatazama chini.

"Sikujui," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Mmoja wa vijana akaanza kunung'unika kwamba watamshtaki kwa bosi wake. Mwingine akasema ni wivu. Nangila alitoa simu mfukoni, akabonyeza namba, akanyoosha mkono ili wote waione.

Mfuko wa suruali ya Ilukor ukalia.

Alichelewa kuizima. Akiror alikuwa ameshaichomoa simu yake na kusoma kwenye kioo.

"Fundi Magari Tororo," alisoma. Akatazama simu ya Nangila, akatazama tena ile mkononi mwake. "Baby, fundi anakupigia."

"Akiror, nipe hiyo simu."

"Huyu fundi alikupigia juzi tukiwa kanisani. Ukatoka nje. Ukasema gari limekufa." Akamgeukia Ilukor. "Wewe huna gari, Ilukor. Mimi nilifikiri ni la kazini."

"Ni mimi huyo fundi," Nangila alisema. Akakata simu, na mlio ukanyamaza.

Wale waliokuwa wakirekodi walishusha mikono mmoja mmoja.

"Muda gani?" Akiror alimuuliza Nangila.

"Miaka mitatu."

"Mimi mwaka mmoja." Akakaa kwenye jiwe. "Na mwezi wa kumi na mbili wako, ni yeye?"

"Ni yeye."

"Akiror, nisikilize, mama ndiye..." Ilukor alianza.

"Mama yako ndiye aliyekwambia umkane mtu hadharani?"

Ilukor akanyoosha mkono kudai simu yake.

Walirudi garini bila kuangalia mawe mengine. Akiror alikaa mbele, karibu na Nangila, na mpaka Tororo alikuwa akizungusha ile pete kidoleni, akiivua nusu, akiirudisha.

Kikundi kilimlalamikia bosi, na Nangila akasimamishwa kazi mpaka mambo yapoe. Winfred, aliyekwishapona, alimletea sukari na unga. "Wewe ungepiga tu mtu kofi," alimwambia. "Ingekuwa afadhali."

Siku chache baadaye, mchana, namba ngeni ya Kenya ilimpigia.

"Dada Nangila? Ni Akiror."

"Nakusikia."

"Wazee wamekaa. Baba alishatangaza harusi kanisani. Ilukor amelia mbele yao, anasema wewe ulimtaka yeye akakukataa, ndio ukatunga yale yote. Hata Prossy amesema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

Akiror alivuta pumzi. "Baba anasema ukipiga simu wewe mwenyewe ukiri kwamba ulidanganya, yataisha. Hakuna atakayekufuata. Dada, nina mimba. Miezi miwili. Kwetu binti wa mchungaji hazai nyumbani."

Nangila alikaa kitandani. Shati moja la Ilukor lilikuwa bado limening'inia mlangoni.

"Akiror, wewe mwenyewe, unaamini nilidanganya?"

"Hapana."

"Sasa nikisema, nitakuwa nimemdanganya nani?"

"Wao. Na mimi kidogo." Akiror alikuwa analia sasa. "Nataka tu mtu aniambie siku ile haikutokea. Nitaishi naye vipi nikijua?"

"Ilitokea. Wewe ulikuwepo na mimi nilikuwepo. Sitakuja kanisani kwako, sitapiga kelele, sitampigia baba yako simu. Hilo nakuahidi. Lakini usiniombe nijikane na mimi. Mmoja ameshanikana, ametosha."

Nangila alimsikia akipenga kamasi.

"Pole, dada," Akiror alisema.

"Pole na wewe, mdogo wangu."

Harusi ilifungwa. Prossy aliweka picha kwenye status ya WhatsApp: Ilukor na suti ya bluu, Akiror na shela, mama mkwe katikati akipiga vigelegele. Akiror alikuwa akitabasamu na mdomo umefungwa.

Nangila aliondoka Tororo akaenda Masinya. Alikuwa ameahirisha safari hiyo kwa woga. Alimkuta Mzee Mangeni nje ya nyumba akipukuchua mahindi. Ukuta ulikuwa bado unanuka rangi.

"Baba, wale wageni wa mwezi huu hawaji."

"Wamesogeza mbele?"

"Hawaji, baba. Ilukor ameoa. Juzi."

Mzee alisimamisha mikono. Gunzi likabaki limeshikwa hewani.

"Ameoa wapi?"

"Kwao. Mteso mwenzake."

"Nilimwambia jirani atukopeshe viti," Mangeni alisema, zaidi kama anajisemea mwenyewe. Kisha akauliza, "Alikutuma uje useme?"

"Hapana. Hajasema kitu."

Walikuwa bado wamekaa hivyo simu ya Nangila ilipolia. Namba ya Ilukor. Baba yake aliona uso wake ukibadilika, akasema, "Pokea."

Akapokea.

"Nangila, usikate. Najua umekasirika. Nilibanwa, unajua nilivyobanwa. Akiror ameenda kwao kidogo. Jumanne navuka, nakuja Tororo. Unikute chumbani tuongee kama watu wazima."

"Niko Masinya."

"Masinya? Kufanya nini?"

"Baba yupo hapa. Mwambie yeye."

Kabla Ilukor hajajibu, alimpa mzee simu. Mangeni alifuta vumbi la mahindi kwenye suruali, akaiweka sikioni.

"Ilukor, mwanangu. Ni Mangeni. Mke wako hajambo?"

Upande wa pili kimya.

"Nauliza, mke wako hajambo?"

Mzee alingoja kwa heshima, kama mtu anayengoja majibu ya salamu. Simu ikakatika.

"Amekata," alisema, akamrudishia binti yake.

Nangila aliifuta ile namba, kisha akaweka simu chini kati ya magunzi. Hakuwa amelia Nyero, wala kwenye gari, wala siku ya picha za harusi. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakisikia. Mangeni alisogeza kigoda chake karibu na wake, na hakumwambia anyamaze.