Mgongo wa Bwana Rula

Kila asubuhi mama wa nyumba ile alipiga magoti sakafuni, akamfunga mumewe kamba za viatu. Mume hakuwa mzee. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na wenzake ofisini walimwita Rula kwa kupenda kwake mistari iliyonyooka. Ila mgongo wake ulikataa kuinama.

"Watoto nimeshawafunga," mkewe alisema. "Na wewe tena?"

"Vumilia, mke wangu. Leo nanunua mkanda mpya wa kiuno."

Mkewe alishusha pumzi. Sebuleni hapakupitika. Palikuwa na mto wa shingo, mashine ya kukanda misuli iliyonguruma kama jenereta, na gogo la sponji la kujiviringishia. Jioni Rula alijikanda, akapata nafuu. Kesho yake alikaa kitini kutwa, hata chai akiletewa mezani, na mgongo ukakaza upya. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Siku moja wenzake wawili walimleta nyumbani wamemshika kwapani. Alikuwa ameinama kuokota kalamu tu, akashindwa kunyooka.

"Shemeji, rula imepinda," mmoja alisema.

Mkewe hakucheka. Alimpigia simu wifi yake, dada wa Rula, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Wifi alikuja, akamlaza kaka yake chali, magoti juu.

"Miguu ina ganzi au imelegea? Haja unazizuia vizuri?"

"Miguu mizima. Haja hazina shida."

"Afadhali. La sivyo tungekimbilia hospitali sasa hivi." Akatazama sebule. "Na vyote hivi?"

"Muulize kaka yako," mke alidakia. "Mimi nimechoka. Usiku anajikanda, mchana anajikunja."

"Vifaa hivi si vibaya, wifi. Vinalegeza misuli. Lakini misuli isipotumika, inakaza tena. Kaka, mwili unataka vyote viwili, kutembea na kukandwa."

"Nina kazi, dada. Nitatembea saa ngapi?"

"Simu ikilia, ongea umesimama. Chai ifuate mwenyewe. Ukimaliza kuchora chumba kimoja, inuka ujinyooshe. Jioni tembeeni wawili, ndipo ulalie gogo, taratibu, kwenye mapaja na mgongo wa juu. Kiunoni usiliweke. Kwa leo pumzika, lakini usilale kutwa."

Maumivu yalipopungua, matembezi yakaanza, na visingizio navyo. Mara jua, mara vumbi. Jioni moja Rula alipolitafuta gogo lake, alimkuta mkewe amelikalia.

"Hulipati mpaka tutembee."

Walitembea hadi kona, Rula akinung'unika njia nzima. Baadaye wakafika mbali zaidi, manung'uniko yakapungua. Ofisini alianza kuifuata chai. Mgongo ukalainika pole pole, akaacha vidonge vya maumivu alivyokuwa akimeza, akaweza tena kumbeba mtoto wao mdogo mabegani.

Wifi alipokuja kula nao, simu ya Rula ililia. Aliinuka, akaongea akiizunguka meza, akaenda ukumbini, akarudi, akatoka uani. Chakula chake kikapoa.

"Unamwona?" mke alisema. "Alikuwa hainuki. Sasa hakai."

Wifi alimsogezea sahani. "Wewe kula, wifi yangu. Akisikia njaa atarudi."