Programu ya Shikamoo

Je, wewe umewahi kuitikia "Ndiyooo!" pamoja na darasa zima, na huku kichwani mwako hakijaingia hata kitu kimoja? Kama umewahi, basi sogea karibu, maana Gaudensia wa kijijini Kigwa alifanya hivyo tangu siku ya kwanza chuoni, na nusura tabia hiyo imponze.

Gaudensia alikuwa akijifunza kompyuta katika chuo kimoja mjini Tabora. Alipanga chumba mtaa wa Kanyenye, nyuma ya duka la vitenge. Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango wake, akanywa chai, akatia begani mfuko wenye daftari na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani ambavyo bibi yake alimfungia. Kisha alishika njia akisalimia watu: shikamoo kwa mama wa vitumbua, shikamoo kwa fundi baiskeli, mambo kwa vijana wa bodaboda. Mpaka hapo alikuwa mtulivu kabisa. Moyo ulianza kwenda mbio alipoliona geti la chuo.

Darasani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Aliugua sana utotoni, akachelewa kuanza shule, na sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Wenzake walishazoea kompyuta. Yeye ya kwanza kuigusa ilikuwa ya hapo chuoni. Mwalimu wao, Madamu Apolinaria, kila alipomaliza kueleza aliuliza, "Tumeelewana?" Darasa lote likaitika, "Ndiyooo!" Gaudensia naye aliitika, tena kwa sauti kubwa, ili asijulikane. Alitaka sana kusema kwamba hajaelewa, lakini aliona aibu. Mtu mzima kama yeye aulize, wadogo zake wamcheke?

Jioni baba yake, mzee Dionis, alimpigia simu.

"Mwanangu, hiyo mashine unaielewa?"

"Naielewa, baba."

"Hewaa! Jumapili nimewaambia watu wa kanisani, binti yangu anafundishwa kuiamuru kompyuta nayo inatii."

Simu ilipokatika, Gaudensia alikaa kitandani akiitazama.

Wiki ile Madamu alitoa zoezi. "Programu ni maagizo unayoipa kompyuta, moja baada ya jingine," alisema. "Andikeni programu ya salamu. Imuulize mtu umri wake, iulinganishe na umri wako wewe uliyeiandika, kisha imsalimie kama tunavyosalimiana hapa kwetu. Atakayeshindwa hili hataendelea na kozi yangu. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Gaudensia alijaribu. Kila alipobonyeza kitufe, kioo kilimletea maandishi mekundu ya kumwambia amekosea. Alifuta, akaandika, yakarudi mekundu vilevile. Mwishowe alimfuata rafiki yake Shamimu, binti mwenye miaka kumi na saba aliyekaa jirani naye darasani.

"Shoga, niazime yako niitazame."

"Kutazama tu?" Shamimu alimkazia macho.

Gaudensia akanyoosha mkono tu. Shamimu akamhurumia, akampa flashi. Gaudensia akaichukua programu nzima, akafuta jina la Shamimu hapo juu, akaweka lake. Kingine hakukigusa, kwa kuwa hakujua kingine kilikuwa cha kazi gani.

Siku ya kukagua, Madamu alizionyesha programu ukutani kwa projekta, moja moja, kila mtu akiona. Ikafika zamu ya Gaudensia.

"Sadiki, njoo usalimiwe," Madamu alisema.

Sadiki, kijana mcheshi kupita wote, akaja mbele na kuandika umri wake: 18. Ukutani likatokea neno kubwa: SHIKAMOO.

Darasa likaangua kicheko. Sadiki akajishika kiuno, akakohoa kizee. "Marahaba, mjukuu wangu! Hujambo? Bibi yako hajambo?"

"Kaa chini wewe," Madamu alisema, lakini hakucheka. "Gaudensia, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, Madamu."

"Kwa nini basi unamwamkia mdogo wako?"

Ndani ya programu ile ulikuwamo umri wa Shamimu. Kwa mtu wa miaka kumi na saba, Sadiki ni mkubwa. Gaudensia hakulijua hilo. Aliona tu Shamimu ameinamisha kichwa mpaka mtandio umemfunika uso.

"Nili... nilikosea kuandika, Madamu."

"Sawa. Kukosea ni kawaida. Njoo urekebishe."

Gaudensia alikwenda mbele. Alivitazama vile vistari ukutani, akaona ni kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Hakujua abonyeze nini.

"Siwezi, Madamu," alisema hatimaye. "Si yangu. Nimeinakili."

Baada ya kipindi Madamu, ambaye alishamwona Shamimu akijificha uso, aliwabakiza wote wawili.

"Kila siku nauliza kama tumeelewana. Kwa nini hukusema?"

"Wote wanasema ndiyo, Madamu. Na mimi ndiye mkubwa."

Madamu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ulete yako, hata ikiwa na makosa. Usipoleta, tutaagana. Na wewe Shamimu, hukumsaidia. Umemfichia ugonjwa."

Njiani Shamimu alimwomba radhi, kisha akasema, "Nitakuandikia nyingine."

"Usiniandikie. Kaa karibu yangu tu, nikikuuliza unijibu."

Gaudensia aliacha kwanza kuitazama kompyuta. Alijiuliza: mimi njiani najuaje nani nimpe shikamoo? Namtazama. Akiwa amenizidi umri, shikamoo. Vinginevyo, mambo. Akaiandika hivyo kwa maneno ya nyumbani, ndipo akaanza kuyageuza, mstari kwa mstari, akimuuliza Shamimu kila alipokwama. Maandishi mekundu bado yalikuja, ila sasa aliyasoma badala ya kuyakimbia: hapa amesahau kufunga mabano, hapa ameruka herufi. Hata hivyo, usiku wa kuamkia Ijumaa hakupata usingizi.

Ijumaa, mbele ya darasa, Madamu aliijaribu programu yake kwa kuandika 18. Ukutani ikaja MAMBO. Akaandika 50, ikaja SHIKAMOO. Halafu akakunja uso. "Na hili swali jingine? Linauliza kama mtu ni mama yako mdogo. Sikuwaagiza hivyo."

"Madamu, mama mdogo Advera ana miaka kumi na mitano tu, lakini ni mdogo wake mama. Nisipompa shikamoo yake, bibi pale Kigwa hanipi hata maji ya kunywa."

Darasa likacheka, Madamu akawa wa kwanza. Alipotulia alisema, "Mnaona? Hili halimo kwa Shamimu wala kwangu. Kazi ya kunakili inabeba umri wa mtu mwingine. Kazi yako inabeba akili yako. Lakini sikilizeni jambo kubwa zaidi. Kutojua si aibu, ndiyo maana mmekuja hapa. Anayeficha kwamba hajui anamfunga mikono mwalimu wake. Gaudensia, utaendelea na kozi."

Kisha akafuta ubao, akaanza somo jipya: jinsi ya kuifanya kompyuta irudie kazi ileile mara nyingi. Alieleza, akachora mishale, akageuka.

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Gaudensia alihisi moyo ukimpiga mbavuni kama siku ile ya kwanza. Safari hii hakuitika na wenzake. Aliinua mkono, akasimama.

"Mimi bado, Madamu. Naomba urudie tangu mwanzo."