Ua Uliotoka Mahameni

Harufu ilianzia kwenye mashuka. Domitila alikuwa akiyaanua kambani alasiri, nyuma ya gesti yake pale Bariadi, akalinusa la mwisho kama anavyoyanusa yote kabla ya kuyakunja, na uso ukamkunjamana. Mavi ya ng'ombe. Tena mabichi, ya ng'ombe aliyetoka kushiba. Sasa niambie, mwanamke aliyefua kwa sabuni ya mche tangu asubuhi, na uani kwake hakuna hata mbuzi, harufu hiyo aipate wapi?

"Baba Kija!" akaita. "Nani kapitisha ng'ombe hapa?"

Mumewe, Luhende, alikuwa mbele akimwagilia ua wa minyaa uliozunguka kiwanja. "Ng'ombe gani, mama Kija? Labda upepo umeleta."

"Upepo una kwato?"

Luhende akacheka kile kicheko chake cha upole, akaendelea na maji yake. Domitila akayarudisha mashuka kwenye beseni huku akinung'unika. Laiti angejua, angemnyang'anya mumewe ile ndoo saa ileile.

Maana balaa lote liliingia na ua ule. Ilikuwa miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, kinu chake cha pamba kimenyamaza, na Luhende, fundi wa mashine wa kinu hicho, alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kazi. Makampuni ya watu binafsi yakamiminika kununua pamba, yakaja na malori na madereva na makarani, na wote hao walitaka pa kulala. Domitila akaona mlango wa riziki. Akajenga gesti kwa kiinua mgongo cha mumewe na kwa pamba ya shamba lake mwenyewe, akisimamia kila tofali. Ilipokwisha, akaja bwana miti wa halmashauri, kijana nadhifu aitwaye Anatoli, akasimama mbele ya nyumba ile nzuri akatikisa kichwa.

"Mama, kwa hali hii leseni hupati. Sheria ndogo inataka kila kiwanja cha biashara kiwe na ua wa miti hai. Hatutaki mji wetu uwe jangwa."

"Mti nikiupanda leo, utakuwa ua lini?"

"Hilo utajua wewe. Ila ukishapanda, umepanda. Kung'oa bila kibali ni kosa, na tunakufungia."

Hapo ndipo Luhende alipojitia ujuzi. Yeye alikulia kwenye nyumba za reli kule Malampaka, baba yake mtu wa stesheni. Mambo ya wafugaji aliyasikia tu. Alijua jambo moja, kwamba mnyaa ukiukata ukauchomeka ardhini unashika. Na kando ya barabara ya Maswa kulikuwa na mahame ya tajiri mmoja wa ng'ombe, aliyezikwa humohumo zizini kwake, wanawe wakahama wote na hakuna aliyetaka kusema kwa nini. Nyumba zilikwisha anguka. Ua wa minyaa ulikuwa bado umesimama, mnene, kijani kibichi. Luhende akaenda na mkokoteni, akaukata ua wote, utomvu mweupe ukimchuruzika mikononi, akaja nao mjini.

Msukuma yeyote aliyelala karibu na zizi angemwambia: ukitaka minyaa, kaombe matawi kwa jirani aliye hai. Ua wa mji wa mtu, yaani boma lake, hauhamishwi. Lakini Luhende hakumuuliza mtu. Akauzungushia kiwanja kwa mpangilio uleule alioukuta, mlango ukitazama magharibi vilevile, eti kwa sababu ulipendeza. Kisha mbele ya gesti akawasha shikome, ule moto wa jioni ambao wanaume huuzunguka wakaongea, ili wateja wajisikie nyumbani. Ua, lango, shikome. Masikini ya Mungu, alikuwa ameujenga upya mji wa mtu, bado mwenyewe tu kurudi.

Na mwenyewe akarudi. Wapo waliosema ni yule tajiri, wapo waliosema ni jini lililokalia mahame baada ya watu kuondoka, likazoea kujiita mwenye mji. Domitila hakujali jina lake. Alichojua ni kwamba kila jua likikaribia kuzama, saa za ng'ombe kurudi zizini, vumbi liliinuka langoni bila gari kupita, njuga zikalia mbali, kisha karibu, kisha ndani ya ua, na kuku wote wakapanda juu ya bati wakanyamaza.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Marcelo, dereva wa lori. Alitoka chumbani na begi lake, jasho likimtiririka.

"Mayu, mama yangu, naondoka."

"Kulikoni, kaka? Chakula kibaya?"

Marcelo akamsogelea, akanong'ona. "Kuna mtu dirishani anatuhesabu. Nilipompa mgongo akanigusa na fimbo hapa, kwenye nyonga. Hivi, kama unavyomsukuma ng'ombe mvivu. Mayu, nikajikuta nimepiga hatua!"

Wengine wakafuata. Domitila hakutetereka, wateja huenda, wateja huja. Kilichomkata maini ni Luhende. Mume wake alianza kuinuka jioni bila kuambiwa na kwenda langoni, akapiga miluzi ambayo hakuwahi kuijua. Akawa ananuka maziwa. Mezani akasukuma sahani kando akasema, "Yule mweusi wa pembe iliyopinda leo amechechemea," na Domitila akamkodolea macho.

"Mweusi gani? Wa nani?"

"Wa mwenye mji. Amesema mchungaji wake wa zamani alichoka. Amesema nina mikono mizuri." Akainamisha kichwa. "Kazini waliniona sifai, mama Kija. Huyu ameniona nafaa."

Domitila alitoka nje akalia, ndiyo, alilia kwa hasira na kwa mapenzi, kwa sababu mumewe alikuwa anachukuliwa akiwa hai, na kila jioni aliyerudi ndani alikuwa amepungua kidogo. Kesho yake akaenda halmashauri.

"Nataka kuung'oa ule ua," akamwambia Anatoli. "Una jini."

Bwana miti akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Mama, sheria ndogo haina kipengele cha majini."

"Basi kiwekeni!"

"Ukigusa hata shina moja, nafunga gesti. Sitanii."

"Funga," alisema Domitila. "Ufunge na macho yako. Gesti nitajenga nyingine. Mume kama yule wananunua duka gani?"

Akarudi na panga. Lakini langoni alimkuta mganga aliyekuwa amemwagiza tangu juzi, mama mmoja mkavu aitwaye Milembe, aliyekuja kwa basi kutoka Sola akiwa amempakata kuku. Mayu Milembe alimshika mkono wa panga, akamketisha, akampasua kuku yule na kuyatazama matumbo yake muda mrefu, mchana kweupe.

"Weka panga, mwanangu. Mumeo ameshashika mizizi humu. Ukiung'oa ua, huyo bwana anahama, na mchungaji wake anahama naye."

"Basi mfukuze yeye!"

"Simuwezi. Hakuvamia, alijengewa. Anaingia kama mtu anayeingia kwake, wala habishi hodi." Akaanza kukusanya vitu vyake harakaharaka, jua lilikuwa linateremka. "Mpe mume. Akishampata, wewe atakuachia nyumba. Wengi wangekubali."

"Mimi si wengi," akasema Domitila. "Kwa hiyo nguvu yake yote ni kwamba anajiona yuko kwake?"

"Yote."

"Basi leo atabisha hodi."

Mayu Milembe alimtazama kama anayetazama mwendawazimu, akajifunga kanga, akakimbilia basi.

Luhende alikuwa amekwisha toka, amekwenda kulipokea kundi barabarani. Domitila akachukua ndoo ya maji machafu ya kuoshea vyombo, yenye makoko ya ugali na mafuta ya samaki, akaimwaga yote katikati ya shikome, moto ukalia chwaa ukafa. Mwanamke kuuzima moto wa wanaume kwa maji ya vyombo! Kwa mwenye mji lilikuwa tusi la kuchefua, na alilikusudia hivyohivyo. Kisha akaburuta mirunda iliyobaki ya ujenzi, akaipitisha langoni mmoja juu ya mwingine, akaifunga kwa kamba, akasimama nyuma yake.

Njuga zikaja. Zilikuja kama kila jioni, mbali kwanza, halafu karibu, na vumbi likafuata jekundu na zito, na ndani ya vumbi akamwona Luhende akitembea kinyumenyume, mikono ameinyoosha, akipiga miluzi kuliita kundi ambalo halikuwa na macho wala pembe wala ngozi, pumzi tu, pumzi nyingi za moto zenye harufu ya majani yaliyocheuliwa, zikamfikia usoni na kumlowesha, na mirunda ikaanza kulia na kupinda kwa uzito wa vifua visivyoonekana, na miguu yake Domitila ikaserereka mchangani huku amejibandika pale kwa mabega, kwa kichwa, kwa kila alichopewa na Mungu, na juu ya kelele zote ikaja sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Mke, fungua mji wangu."

"Mke wa nani?" Domitila alipiga kelele hadi sauti ikampasuka. "Hapa si mahameni! Hiki ni kiwanja cha biashara, kina leseni, na mwenyewe ni mimi! Ua huu ni wangu kwa sheria, hata mimi siruhusiwi kuung'oa, itakuwa wewe? Ukiwa na shida, bisha hodi kama watu!"

Mrunda wa juu ukavunjika. Domitila akaona hawezi kuzuia zaidi ya pale, akamgeukia mumewe.

"Luhende! Luhende mtoto wa stesheni! Tangu lini umejua kuswaga ng'ombe, wewe? Siku mnaleta mahari kwetu ulipanda juu ya mkokoteni kwa kumwogopa ndama! Ndama, Luhende! Shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikasema huyohuyo, nampenda huyohuyo mwoga! Hebu geuka uone unachokichunga!"

Miluzi ikakatika. Luhende akageuka. Alichokiona hakuwahi kukisimulia hata kwa mkewe, lakini alipiga yowe, yowe la woga wake mwenyewe, ule aliozaliwa nao, akajitupa chini akatambaa chini ya mirunda, na Domitila akamkamata kwenye ukosi wa shati akamvuta ndani kama gunia la pamba. Palepale akamkumbatia. Alinuka vumbi na jasho, hakunuka maziwa.

Nje kukawa kimya. Njuga moja ikalia, ikanyamaza. Kisha, upande wa pili wa lango, ile sauti ikasema kwa shida, kama neno ambalo halijawahi kupita mdomoni mwake.

"Hodi."

Domitila alifuta uso kwa kanga. "Vyumba vimejaa," akajibu.

Gesti haikuwa na mteja hata mmoja.

Wakaweka lango la mbao, na wateja wakarudi polepole. Ua haukung'olewa, Anatoli alipopita aliusifu, akasema ungekuwa mfano kwa wafanyabiashara wote wa mji. Na kila jioni, hodi ilikuja, na kila jioni Domitila alikwenda langoni na mwiko mkononi, akajibu lilelile. Luhende alikuwa akijifungia chumbani saa hizo, mto ameuweka juu ya kichwa.

Mpaka siku moja Domitila alipochelewa sokoni. Jua lilikuwa limeshazama alipokumbuka; aliacha kapu la nyanya palepale kwa muuzaji akakimbia mji mzima, viatu mkononi, akiomba kwa watakatifu wote anaowajua. Alipoingia kwa mlango wa nyuma alimkuta mumewe amesimama langoni peke yake. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo, na nje sauti ilikuwa inambembeleza.

"Hodi, mchungaji wangu. Una mikono mizuri. Wengine walikuona hufai."

Domitila alitaka kupiga kelele, pumzi ikamkatikia. Akamwona Luhende akikaza komeo hadi vidole vikawa vyeupe.

"Nafaa hapa," alisema Luhende. "Na vyumba vimejaa, mzee. Nenda."

Nje, kitu kizito kikakaa chini taratibu, mgongo wake ukiegemea mbao za lango, kama mtu aliyeamua kungoja. Luhende akamgeukia mkewe, machozi yakimtoka, bado ameshika komeo.

"Hajaondoka, mama Kija."

"Mwache akae," alisema Domitila, akaja akaweka mkono wake juu ya wa mumewe. "Tuko wawili."