Mada Aliyoichagua Mapendo

Kila asubuhi kabla ya shule Mapendo alishuka chemchemini na bidoni lake la njano la kuchotea maji. Juma lile alikuwa akirudi amenuna, maana maji ya kijiji chao cha Kashuga yalinuka harufu ya kutapisha, na watoto wengi walikuwa wanaharisha. Foleni nzima iligombana, na lawama zote ziliwaangukia watoto wa kambi ya waliokimbia vita.

"Bale batoto ya kambi njo banafua manguo mu maji yetu!" alifoka Mama Nyiransabimana, jirani yao. "Bafukuzwe!"

Darasani, Mwalimu Nzabandora aliwataka wanafunzi wa darasa la sita wachague mada ya insha ya kushawishi. Insha nzuri kuliko zote ingesomwa Jumamosi mbele ya wazazi, kwenye mkutano uleule wa kuamua nani achote maji na nani asichote. Mapendo hakungoja hata mwalimu amalize kusema.

"Yangu ni hii, Mwalimu: watoto wa kambi wakatazwe chemchemi yetu!"

Darasa likashangilia. Annonciata, msichana wa kambini, akasimama kwa hasira. "Tukikatazwa tutakunywa nini? Mutoto wa mama yangu iko mugonjwa sawa na wenu!"

"Mukunywe kule mulitoka!" Mapendo akamrushia.

Aibu gani hiyo! Lakini wenzake walicheka.

"Mapendo, umewaona wakifua?" mwalimu akauliza.

"Kila mtu anajua, Mwalimu."

"Nimekuuliza wewe umeona nini. Baada ya masomo pandeni ninyi wawili mpaka maji yanakoanzia. Ukirudi, utaniambia kama mada yako ni ileile."

Walipanda, Annonciata akitangulia mbele. Nusu ya njia, Mapendo akakumbuka mihogo yake. Mama yake alikuwa amemwagiza aloweke mfuko wa mihogo michungu ili sumu itoke, bondeni, chini kabisa ya chemchemi, kama kila nyumba ilivyofanya. Njia ya huko ilikuwa ndefu na ya utelezi, basi yeye akauficha mfuko wake huku juu, kwenye matete. Maji si yanapita, alijiambia, yatabeba harufu yaende zake.

Walipofika juu, Annonciata akatenganisha matete, akauvuta mfuko. Muhogo ulikuwa umeoza na kutoa povu, na maji yake yalitiririka moja kwa moja kuelekea chemchemini.

"Huu wa nani?"

Mapendo alifungua kinywa aseme ni wa watu wa kambi. Nani angembishia? Kijiji kizima kingemwamini.

"Sisi hatuna hata shamba," Annonciata akasema. "Sema!"

"Ni wangu," Mapendo akajibu, na machozi yakamtoka. "Nisamehe, dada."

"Usiniguse!"

Jumamosi Mapendo, ambaye insha yake ndiyo iliyochaguliwa, alisimama mbele ya wazazi na mada mpya: mihogo isilowekwe juu ya chemchemi. Alianza kwa kusema mfuko ulikuwa wa nani. Mama yake akaficha uso kwa kitenge. Mama Nyiransabimana akasonya kwa nguvu, kisha akainamisha kichwa. Wazazi wakakubaliana kwamba kila mtu atachota, na mihogo yote ilowekwe bondeni.

Watu wakapiga makofi, isipokuwa Annonciata. Alitoka nje bila kumtazama Mapendo.

"Mwalimu, nimesema ukweli wote," Mapendo akalia. "Mbona bado ananichukia?"

"Kwa sababu karibu umnyime maji kwa kosa lako mwenyewe," Mwalimu Nzabandora akamjibu. "Unajua kushawishi, Mapendo, ndiyo maana niliogopa. Siku ile wenzako walikushangilia bila kuuliza hata swali moja. Ukitaka watu wakufuate, kwanza nenda ukaone kwa macho yako, hasa pale unapomchukia mtu. Na Annonciata hutamshawishi kwa insha. Mfuate umuulize mdogo wake anaendeleaje, hata kama atakufukuza."

Mapendo akafuta machozi, akatoka kumfuata.