Aliyeleta Kikohozi Bandani

Kila asubuhi kabla ya shule, Ngà alimpelekea nguruwe wao jike pumba na mboga zilizochemshwa. Nguruwe huyo alikuwa na mimba, na mama alikuwa akihesabu siku. Asubuhi moja chakula kilibaki vilevile. Nguruwe alilala akikohoa, pua zikimchuruzika. Mama aliogopa kwamba mimba ingeharibika.

Ngà alishajua wa kumlaumu. Bwana Khuê alikuwa akitembeza nguruwe dume wake kijiji hadi kijiji kupandisha majike, na juzi alipita mbele ya banda lao. Mtu mwenyewe mkimya, kila akikaribishwa chai anakataa. Tena Ngà alimwona kwa macho yake akimwaga maji meupe langoni kwake mwenyewe. Kama si sumu ni nini? Shuleni aliwaambia wenzake wote, na kufikia jioni hakuna aliyetaka kumwona Bwana Khuê karibu na banda lake.

Kesho yake mama alimwita Thục, daktari wa mifugo. Alimpima nguruwe, akauliza nani alikuwa ameingia bandani.

"Bwana Khuê alipita na dume wake," Ngà akawahi.

"Alipita njiani. Nimeuliza aliyeingia."

Daktari akaeleza kuwa alimpima yule dume jana, mzima kabisa. Maji meupe yalikuwa chokaa ya kusafishia viatu, na mzee haingii kwa watu ili asibebe ugonjwa kutoka banda moja hadi jingine. Mafua ya nguruwe, alisema, huletwa na nguruwe mgeni asiyetengwa kwanza, au viatu vichafu. "Hata mtu mwenye mafua anaweza kumwambukiza."

Ngà akahisi uso ukimwaka. Wiki iliyopita alikuwa na homa ya mafua, akamficha mama asije akazuiwa kuingia bandani. Kila siku alimkumbatia nguruwe, akiweka sikio tumboni kuwasikiliza watoto.

"Mama, ni mimi," alisema, akalia.

Mama akamwambia aende kwa Bwana Khuê, na aende peke yake.

Mzee alimsikia akikohoa, akamsimamisha langoni. "Hapo hapo, binti. Usiingie mpaka upone vizuri." Akamsikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa mgongoni mwa dume wake.

"Mafua hukuyataka," akasema. "Lakini mama angejua unaumwa, asingekuruhusu bandani. Na mimi ulinisema kabla hujauliza. Basi kesho nitaje tena shuleni, kwa sauti ile ile."

Ngà alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Wengine walimcheka. Siku chache baadaye nguruwe alimaliza chakula chake, na mwezi ulipoandama akazaa salama. Bwana Khuê alipita kuwaona watoto wa nguruwe, akasimama nje kama kawaida. Ngà akampelekea chai huko huko njiani, naye akaipokea.